Mwaka Uliochapwa Kwenye Sarafu si Ushahidi wa Umri Wake

Katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, Unguja, na katika vichochoro vya soko la Muttrah kule Muscat, huuzwa sarafu moja nzito ya fedha yenye sura ya mwanamke mnene aliyejitanda shela, mwenye bizimu ya lulu begani. Upande wa pili yupo tai wa vichwa viwili, na mwishoni mwa maandishi ya Kilatini pamechapwa mwaka 1780. Mnunuzi akiuona mwaka huo hupiga hesabu ya karne mbili na ushei, na bei hupanda papo hapo. Kosa huanzia hapo. Mwaka huo hauthibitishi kwamba sarafu ilichapwa 1780. Hauthibitishi hata kwamba ilichapwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ninachotaka kukitetea katika makala hii ni jambo moja: sarafu ya zamani lazima iulizwe maswali mawili, na kila swali lina ushahidi wake. La kwanza, je, ni fedha ya kweli? La pili, je, ina umri unaodaiwa? Wanaolaghaiwa wengi hulaghaiwa kwa sababu jibu zuri la swali la kwanza limetumika kana kwamba limejibu na la pili.

Sarafu yenyewe ni ile ambayo wazee wa pwani waliiita reale, na ambayo vitabu vya historia huiita thaler ya Maria Theresa. Vipimo vyake vilitokana na mapatano ya fedha ya mwaka 1753 kati ya Austria na Bavaria: gramu 28.07 za uzito, na ndani yake sehemu 833 katika kila 1,000 ni fedha tupu, yaani gramu 23.39, iliyobaki ni shaba. Kipenyo chake ni karibu milimita 40. Herufi S.F. zilizo chini ya sura ya malkia ni za maofisa wawili wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, Schöbl na Faby. Maria Theresa alifariki tarehe 29 Novemba 1780. Kwa kawaida sarafu yake ingekufa pamoja naye, na sura ya mrithi ingechukua nafasi. Lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Yemen, Omani na pwani yetu walikuwa wameizoea sura ile na uzito ule, wakakataa nyingine. Austria ikaendelea kuichapa vilevile, jina lilelile, sura ileile, mwaka uleule. Hata ilipokoma kuwa fedha halali nchini Austria kwenyewe mwaka 1858, mashine hazikusimama. Jeshi la Uingereza lililoongozwa na Robert Napier kuingia Uhabeshi mwaka 1867 na 1868 lililazimika kuagiza mamilioni ya reale hizi kutoka Vienna, maana njiani hapakuwa na fedha nyingine iliyoweza kununua ngano na kukodi nyumbu.

Karne ya 20 ilizidi kuikoroga hesabu. Mwaka 1935 Mussolini, akiwa anajiandaa kuivamia Ethiopia, alipata kutoka Austria haki ya kuichapa sarafu hiyo, na kazi ikahamia Roma. Kwa kuwa biashara ya Bahari ya Shamu haikuweza kusubiri hisani ya Italia, London ikaanza kuchapa za kwake mwaka 1936. Paris na Brussels nazo zikachapa. Wakati wa vita ikachapwa Bombay, na baada ya vita Birmingham. Vienna iliirejea kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na inaendelea nayo hadi leo. Reale hizi zote, na jumla yake ni mamia ya milioni, zimeandikwa 1780. Ukiweka mezani iliyochapwa Vienna enzi za Napier, iliyochapwa Bombay mwaka 1941 na iliyochapwa juzi, mwaka uliochapwa hautakusaidia kuzitenga hata moja. Zilizotoka mashineni wakati malkia yu hai ni chache mno kati ya zote hizo, na atakayesema anayo moja amejitwika mzigo wa kuthibitisha.

Msomaji asidhani huu ni ukaidi wa sarafu moja. Upo mfano mwingine, nao unaugusa ukoo uliotawala Zanzibar. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, na mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikaamuru zitengenezwe seti za sarafu zawadi kwa watawala wa Mashariki. Kiwanda cha Philadelphia kilikuta katika daftari kwamba dola za fedha za mwisho, 19,570 kwa idadi, zilichapwa mwaka 1804, kikachonga mihuri yenye mwaka 1804. Hakikujua kwamba dola zile za 1804 zilikuwa zimechapwa kwa mihuri ya miaka iliyotangulia. Hivyo dola yenye mwaka 1804 ilizaliwa miaka 30 baadaye. Mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, aliifikisha seti ya Sayyid Said mjini Muscat mwaka 1835, na dola inayoaminiwa kuwa ndiyo ile iliuzwa mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 4.1. Kisha, karibu na mwaka 1858, wafanyakazi wa kiwanda kilekile walichapa nyingine kwa siri ili kuwauzia wakusanyaji. Moja imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, na ukiichunguza utaona chini ya chapa ya 1804 mabaki ya chapa ya sarafu ya Uswisi ya mwaka 1857. Chuma chenyewe kimetoa ushahidi dhidi ya mwaka kilichobebeshwa. Ukingo nao umetoa wake: zile za zawadi zina maandishi ukingoni, hii haina.

Kutokana na mifano hiyo miwili tunaweza kupanga mambo sawasawa. Ipo sarafu ya asili, iliyochapwa na mwenye mamlaka katika kipindi kinachosemwa. Ipo ya marudio, iliyochapwa baadaye na kiwanda cha serikali kwa muundo uleule, na kwa upande wa reale, kwa uzito na fedha ileile. Na ipo ya bandia, iliyotengenezwa na mtu asiye na mamlaka, mara nyingi kwa madini duni, ili ipite kama kitu isichokuwa. Ya marudio hujibu vizuri swali la kwanza na hushindwa la pili. Ya bandia kwa kawaida hushindwa yote mawili, ingawa wapo waghushi wa leo wanaotumia fedha halisi kabisa, kwa sababu wanachoghushi si madini bali ni umri. Anayezijua tofauti hizi hawezi tena kuridhika na kauli ya muuzaji kwamba sarafu ni "orijino". Atamuuliza: orijino kwa maana ipi?

Waliozitumia reale hizi kama pesa ya kila siku walikuwa wakaguzi hodari kuliko wanunuzi wengi wa leo. Uhabeshi na Arabuni watu walizihesabu lulu za bizimu iliyo begani kwa malkia, wakitaka zitimie tisa, na zile za taji, wakitaka saba; walitazama kama herufi S.F. zinasomeka, sarafu iliyochakaa kiasi cha lulu kufutika walikataa kuipokea au walishusha thamani yake. Ukaguzi huo haukuwa ushirikina, kama baadhi ya wasafiri wa Ulaya walivyoudhania. Lulu ni sehemu ndogo iliyoinuka. Ndiyo ya kwanza kulika sarafu inapochakaa, na ndiyo ya kwanza kupotea mtu anapoitengenezea kalibu kutokana na sarafu nyingine. Ukizihesabu umepima uchakavu na uhalali kwa mara moja. Italia iliujua ukali wa wakaguzi hao mwaka 1918, ilipotoa kwa ajili ya Eritrea thaler yake yenye sura ya mwanamke iliyofananizwa na Maria Theresa. Ilikuwa fedha nzuri, na ilitolewa na dola yenye jeshi na benki. Wananchi wakaikataa, ikashindwa. Mfalme Menelik wa Uhabeshi naye alichapisha sarafu zake za birr Paris kuanzia 1894, na kwa miaka mingi raia wake waliendelea kuupenda uso wa malkia wa Austria. Ila tukumbuke kwamba watu hao waliuliza swali la kwanza tu, kwa sababu ndilo lililowahusu. Mfanyabiashara wa kahawa hakuhitaji kujua sarafu ilichapwa lini. Alihitaji kujua kama kesho itapokewa. Mnunuzi wa leo analipia umri, hivyo anahitaji ukaguzi wao na zaidi, na mara nyingi hafanyi hata ule waliofanya wao.

Swali la kwanza linajibika kwa vifaa ambavyo sonara yeyote anavyo. Anza na mizani inayosoma sehemu za mia za gramu. Reale isiyochakaa itasoma karibu na 28.07; iliyotumika sana itapungua kiasi, lakini inayosoma 24 au 25 huku alama zake zote zikiwa kali ina kasoro, kwa sababu mchanganyiko wa shaba na nikeli wenye ukubwa uleule huangukia hapo. Mghushi mwerevu huongeza unene ili uzito utimie, kwa hiyo pima na unene na kipenyo. Kisha ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, weka bakuli la maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, na uizamishe sarafu ikining'inia bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji iliyoyasukuma. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Mchanganyiko wa fedha na shaba wa reale hutoa karibu 10.2, maana namba ya mizani itakuwa kama gramu 2.75. Shaba na nikeli itasoma kama 3.15 na kutoa 8.9. Kipimo hiki hakichubui wala hakichomi. Tindikali, ambayo baadhi ya masonara huikimbilia, huacha kovu na kuishusha thamani sarafu iliyokuwa njema. Sumaku inasaidia nusu tu: inayonaswa ni bandia, lakini isiyonaswa bado yaweza kuwa shaba, risasi au bati. Na mchanganyiko wa risasi na bati unaweza kupangwa ukakaribia 10.2, ila ni laini, mlio wake ni mfu, na ukiusugua kwenye karatasi nyeupe huacha mstari wa kijivu.

Baada ya mizani, jicho. Sarafu halali hupigwa kwa mihuri ya chuma kwa nguvu kubwa. Bandia nyingi husubiwa, yaani madini yaliyoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu. Namna hizi mbili huacha alama tofauti, na kioo cha kukuzia cha kawaida kinatosha kuzionyesha. Iliyosubiwa huwa na vitundu vidogo vya hewa hasa kandokando ya herufi, miguu ya herufi huwa ya mviringo badala ya kusimama wima kutoka uso wa sarafu, na kwa kuwa madini hunywea yanapopoa, kipenyo hupungua kidogo. Mahali pa kutazama kwa makini zaidi ni ukingo, ambapo waghushi wengi huzembea. Reale halali ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyozunguka ukingoni pamoja na mapambo yaliyoyatenganisha. Ukingo mtupu, ukingo wenye mistari kama ya shilingi, au ukingo wenye mshono uliolainishwa kwa tupa umemaliza kesi. Wala usiisugue kwanza kwa majivu, chokaa au dawa ya meno ili uone vizuri. Weusi ulioshika katika mikunjo ya shela ni ushahidi, na ukiufuta umeharibu kitu ambacho hakirudishiki.

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo lina njia zake. Kila kiwanda kilichonga mihuri yake, na wachongaji hawafanani mkono. Wataalamu, wakitumia orodha kama ile ya Walter Hafner, hutazama idadi na mpangilio wa manyoya ya mkia wa tai, umbo la bizimu, nukta na nafasi kati ya herufi, umbo la msalaba uliolala unaofuata mwaka, na mapambo ya ukingo. Kwa alama hizo wanaweza kusema hii ni ya London, ile ni ya Roma, na nyingine ni ya Vienna ya katikati ya karne ya 19. Kazi hiyo hudai kulinganisha sarafu na picha zilizothibitishwa, na mara nyingine jibu linabaki kipindi, si mwaka. Lakini ugumu huo haumpi muuzaji ruhusa ya kujaza nafasi kwa neno tamu. Madhali idadi kubwa kabisa ya reale zilizopo ni za marudio, kanuni ya haki ni kwamba kila reale ihesabiwe ya marudio mpaka alama zake zithibitishe vingine, na ilipwe kwa bei ya fedha iliyomo, pamoja na nyongeza ndogo ya uzuri wake.

Yupo atakayepinga kwamba nimewapendelea wachapaji wa marudio. Atasema: London ilipochapa sura ya malkia wa nchi nyingine, aliyekufa miaka 156 kabla, na kuandika mwaka usio wa kweli, ilifanya nini kama si kughushi? Pingamizi hili lina uzito, na kwa upande wa maandishi ni kweli: mwaka ule ni uongo. Lakini ghushi huhitaji mtu anayedhulumiwa. Aliyepokea reale ya London mwaka 1936 mjini Aden au Addis Ababa alipata fedha kamili kwa uzito kamili, na mwaka 1780 kwake haukuwa dai la umri; ulikuwa sehemu ya chapa, kama lulu na tai, inayomhakikishia kwamba kipimo hakijabadilika. Hakuna aliyemwambia ni ya kale, wala hakulipishwa kwa ukale. Dhuluma huzaliwa pale sarafu hiyohiyo inapotolewa sokoni leo na kuuzwa kwa bei ya ukale. Sarafu haijabadilika, kilichobadilika ni maneno yanayoiuza. Ndiyo maana nasema mwenye kujibu ni muuzaji, si kiwanda.

Mwingine atasema kinyume chake: kama fedha ni fedha, nani anaumia? Wanaumia wengi. Anaumia mnunuzi aliyelipa mara kadhaa ya thamani, ambaye siku ya shida akiipeleka kwa sonara ataambiwa bei ya gramu 23. Wanaumia warithi, kwa sababu familia nyingi za pwani na za Omani zilihifadhi akiba yao katika reale na katika vikuku na mikufu iliyopambwa nazo, na asiyejua anachokimiliki ataiuza ya thamani kwa bei ya chuma chakavu au atagombana na nduguze kwa utajiri usiokuwepo. Huku Tanzania bara hadithi ni ileile kwa rupia za Mjerumani. Rupia ya kampuni ya Kijerumani, yenye sura ya Wilhelm II na iliyoanza na mwaka 1890, ina gramu 11.66 na fedha sehemu 917 katika 1,000. Ni kumbukumbu yenye thamani yake, lakini maneno ya mitaani yanaipandisha hadi mamilioni yasiyo na msingi wowote, na watu huchanga pesa kuzifukuzia. Na inaumia historia. Reale inayoonyeshwa kuwa ni ya 1780 huku ilichapwa Bombay wakati wa vita inatunyima habari iliyo muhimu zaidi: kwamba bahari yetu iliilazimisha London, Roma na Vienna kufuata kipimo ilichokitaka yenyewe.

Pingamizi la tatu ni la wale wanaosema tuwaachie wataalamu na mashine, kwamba mtu wa kawaida hana nafasi katika mambo haya. Mashine inayosoma madini kwa miale ni chombo kizuri, lakini husoma ngozi ya juu. Sarafu ya shaba iliyopakwa fedha nene inaweza kuipotosha, na hapo lile bakuli la maji linasema kweli ambayo mashine haikuiona. Zaidi ya hayo, mashine husema ni madini gani. Haisemi ni mwaka gani, kwa kuwa fedha ya 1780 na fedha ya 1980 zikichanganywa kwa kipimo kimoja zinakaribiana mno. Utaalamu unahitajika kwa swali la pili, nami sibishi. La kwanza linawezekana kwa mtu mwenye mizani, uzi na subira, na tayari litakuwa limeziondoa sokoni bandia nyingi kabla mtaalamu hajalipwa senti.

Yapo ya kufanya, na si ya gharama. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1973 inayotaka kila sarafu ya kuigiza ichapwe juu yake neno la kuonyesha kuwa ni nakala; sheria zetu za biashara na za mambo ya kale zinaweza kudai jambo jepesi zaidi, kwamba risiti ya sarafu ya zamani iandikwe uzito wake, madini yake, na kama muuzaji anadai ni ya asili au ya marudio. Muuzaji mwaminifu hatapoteza chochote, kwani reale ya marudio iliyosemwa wazi bado ina soko: ni fedha nzuri, na ni sarafu iliyofanya kazi kweli katika masoko haya. Majumba yetu ya makumbusho nayo yaandike kwenye vibao vyao kiwanda na kipindi, si mwaka uliochapwa tu. Na mnunuzi ajizoeze kuuliza maswali mawili kwa mpangilio, asikubali jibu moja lihesabiwe mawili. Anayeuza mwaka 1780 na authibitishe. Asiyeweza kuuthibitisha, auze fedha kwa bei ya fedha.